Kulifuata Jua kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura: Siku Saba za Kukokotoa Mawio na Machweo

Saa ya Kiswahili inaanza hesabu jua linapochomoza. Saa moja asubuhi maana yake saa ya kwanza ya mchana imetimia. Lakini Tanzania nzima, kutoka Bahari ya Hindi hadi Ziwa Tanganyika, inatumia saa moja ya ukutani, na jua linafika kila mji kwa zamu yake. Njia ya Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tabora na Kigoma ni darasa zuri la hesabu hii, kwa sababu inakwenda magharibi karibu moja kwa moja, na kila kituo kinaleta kosa lake la kurekebisha. Vifaa ni kikokotoo chenye sin, cos na tan (cha simu kinatosha), daftari, fimbo ya mita 1, na latitudo na longitudo ya kila mji.

Jumatatu, 9 Februari 2026. Dar es Salaam (nyuzi 6.82 kusini, 39.29 mashariki)

Leo ndiyo siku ya kazi kubwa. Ukiielewa hesabu ya Dar, miji mingine yote ni kubadilisha tarakimu.

Kabla ya yote, hakikisha kikokotoo kinasoma nyuzi. Andika sin 30. Jibu likiwa 0.5, endelea. Likiwa −0.988, kimewekwa kwenye radiani na kila utakachopata kitakuwa uongo.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu siku, tuziite D, tangu saa sita mchana ya Greenwich tarehe 1 Januari 2000. Miaka 26 mara 365 ni 9,490. Ongeza siku 7 za miaka mirefu (2000, 2004, 2008, 2012, 2016, 2020, 2024), unapata 9,497. Kisha ongeza siku zilizopita tangu Januari mosi mwaka huu: 39. D ni 9,536. Wengi huweka 40 kwa sababu 9 Februari ni siku ya 40 ya mwaka, wakisahau kwamba Januari mosi yenyewe ni sifuri.

Kisha tafuta mahali jua lilipo kwenye mzunguko wake (g na q ni hatua za kati, L ndiyo jibu):

g = 357.529 + 0.98560028 × D = 9756.21. Toa 360 mara 27, inabaki 36.21.
q = 280.459 + 0.98564736 × D = 9679.59. Toa 360 mara 26, inabaki 319.59.
L = q + 1.915 × sin g + 0.020 × sin 2g = 320.74.

Usikate desimali za 0.98564736. Ukiandika 0.986 kwa kutaka wepesi, kosa dogo linazidishwa mara 9,536 na q inahama kwa zaidi ya nyuzi 3. Hapo jua lako litakuwa la siku nyingine kabisa.

Sasa kuna namba mbili ambazo ni za dunia nzima kwa siku hiyo, si za Dar peke yake. Ya kwanza ni deklinesheni, yaani jua liko nyuzi ngapi kaskazini au kusini mwa Ikweta. Mwinamo wa dunia ni nyuzi 23.436. Zidisha sin 23.436 kwa sin L, unapata −0.2517, na kinyume cha sin chake ni −14.58. Alama ya kutoa inasema jua liko kusini.

Ya pili ni tofauti kati ya jua na saa. Dunia haiendi kwa mwendo mmoja kulizunguka jua, na mhimili wake umeinama, kwa hiyo jua la kweli hutangulia saa au huchelewa. Zidisha cos 23.436 kwa tan L, tafuta kinyume cha tan, unapata −36.86, ambayo ni sawa na 323.14. Jibu hili lazima liwe robo moja ya duara na L. Likianguka robo nyingine, ongeza 180 au 360 hadi likae karibu na L. Toa 323.14 kwenye 319.59, zidisha kwa 4: jibu ni dakika −14.18. Jua limechelewa dakika 14, na katikati ya Februari ndiyo wakati linapochelewa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mwanzoni mwa Novemba hutangulia kwa dakika 16 na nusu hivi.

Katika lahajedwali, watu hujikwaa kwenye ATAN2, yaani kinyume cha tan kinachotafuta robo ya duara chenyewe. Excel inataka x (cos L) kwanza halafu y (cos 23.436 × sin L), wakati lugha nyingi za programu zinataka y kwanza. Ukigeuza, namba itatoka nzuri kwa sura na mbaya kwa maana. Kipimo chake ni rahisi: tofauti ya jua na saa haizidi dakika 17 kwa upande wowote. Ukiona dakika 300 au 1,400, rudi kwenye hatua hii.

Sasa tuilete hesabu mjini. Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo 45, mstari unaopita Somalia karibu na Mogadishu. Tanzania yote iko magharibi yake. Kila uzi mmoja ni dakika 4, hivyo 45 − 39.29 = 5.71, mara 4 ni dakika 22.84. Ongeza 14.18 za kuchelewa kwa jua. Adhuhuri ya kweli ya Dar leo ni 12:37, yaani saa 6:37 mchana.

Nusu ya mchana inatoka kwenye pembe H:

cos H = (sin −0.833 − sin latitudo × sin deklinesheni) ÷ (cos latitudo × cos deklinesheni)

Kusini ni hasi: latitudo ni −6.82. Jibu la cos H ni −0.0462, H ni nyuzi 92.65, na mara 4 ni dakika 370.6, yaani saa 6 na dakika 10.6. Itoe kwenye adhuhuri: jua linachomoza 06:26. Iongeze: linazama 18:48. Kwa saa yetu ni saa 12:26 asubuhi na saa 12:48 jioni. Mchana una saa 12 na dakika 21.

Ile 0.833 inastahili maelezo, maana wengi huiacha. Hewa hupinda mwanga na kulinyanyua jua kwa dakika 34 za uzi, na tunahesabu ukingo wa juu wa jua, si kitovu chake, hivyo tunaongeza 16. Jumla ni 50 kati ya 60, yaani 0.833. Ukiweka sifuri, mchana wa Dar unapungua dakika 7. Na kwa kuwa hapa jua linatoka baharini, aliye ghorofani mita 30 juu ya maji huliona mapema kidogo: zidisha 1.76 kwa kipeuo cha pili cha 30, unapata dakika 9.6 za uzi, takriban sekunde 40 za saa.

Andika majibu kwa dakika nzima. Kuandika sekunde ni kujidai, kwa sababu joto na msongamano wa hewa vinabadilisha kupinda kwa mwanga kila siku.

Jumanne, 10 Februari. Morogoro (6.82 kusini, 37.66 mashariki)

Morogoro iko latitudo ileile ya Dar, na hiyo ni bahati kwa mwanafunzi: karibu tofauti yote inatokana na longitudo. Nyuzi 1.63 mara 4 ni dakika 6.5. D ni 9,537, deklinesheni −14.25, jua limechelewa dakika 14.19. Jua linachomoza saa 12:33 asubuhi na kuzama saa 12:54 jioni.

Hayo ni mawio ya karatasi. Ukisimama mjini, Milima ya Uluguru imekaa kusini na kusini mashariki. Uelekeo wa mawio hupatikana kwa kugawanya sin ya deklinesheni kwa cos ya latitudo, kisha kinyume cha cos: nyuzi 104 kutoka kaskazini, yaani 14 kusini mwa mashariki halisi. Tazama upande huo na upime kimo cha mlima kwa mkono ulionyooshwa. Ngumi ni nyuzi 10 hivi, kidole kidogo ni nyuzi 1.

Chukua mfano wa mlima wa nyuzi 5 katika uelekeo huo. Usiweke 5 tupu badala ya −0.833. Toa 0.27 ya nusu kipenyo cha jua na 0.16 ya kupinda kwa mwanga kwa kimo hicho, weka +4.57. Mawio yanasogea hadi saa 12:56, dakika 22 na nusu hivi nyuma ya hesabu ya uwanda. Mwenye paneli za sola au shamba chini ya mlima anahitaji namba hii kuliko ile ya kwanza. Kwa futari na sala, hata hivyo, kinachotazamwa ni kuzama kwa jua kwenye upeo wa kweli, si kujificha kwake nyuma ya mlima.

Jumatano, 11 Februari. Dodoma (6.17 kusini, 35.74 mashariki)

D 9,538. Deklinesheni −13.93. Jua limechelewa dakika 14.2. Adhuhuri saa 6:51 mchana, mawio saa 12:42 asubuhi, machweo saa 1:01 usiku. Hapa ndipo machweo yanapovuka saa moja. Anayeondoka Dar jua likichomoza na kufika Dodoma kabla halijazama anapata mchana wa saa 12 na dakika 34, robo saa zaidi ya aliyebaki Dar.

Kosa la Dodoma ni la mwinuko. Mji uko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyesoma habari ya ghorofa la Dar hushawishika kuingiza 1,100 kwenye kanuni ile. Atapata karibu uzi mzima na atakosea dakika 4 asubuhi na 4 jioni. Kinachohesabika ni kimo chako juu ya ardhi unayoiona kwenye upeo wa macho. Dodoma ni nyanda, na upeo wake uko juu pamoja nawe. Usiongeze kitu.

Ni mahali pazuri pa kuhakiki kwa fimbo. Isimamishe wima kwa timazi kwenye ardhi iliyosawazishwa. Kungoja kivuli kiwe kifupi kabisa hakufai, kwa sababu karibu na adhuhuri urefu wake hautofautiani kwa dakika kadhaa na jicho haliwezi kuamua. Badala yake chora duara kuzunguka fimbo asubuhi, nusu kipenyo chake kikiwa urefu wa kivuli cha saa 5:00 kamili. Kivuli kitaingia ndani ya duara, kisha ncha yake itagusa mstari tena alasiri. Kwa hesabu ya leo inatakiwa kugusa saa 8:42. Katikati ya saa 5:00 na 8:42 ni saa 6:51. Kivuli cha adhuhuri kinaelekea kaskazini na kina sentimita 13 na nusu hivi, kwa kuwa jua liko nyuzi 7.76 kusini mwa utosi na tan yake ni 0.136. Ukikuta tofauti ya dakika 5 au zaidi, fimbo imelala upande.

Alhamisi, 12 Februari. Tabora (5.02 kusini, 32.81 mashariki)

D 9,539, deklinesheni −13.59. Mawio saa 12:55 asubuhi, adhuhuri saa 7:03 mchana, machweo saa 1:11 usiku. Mchana saa 12 na dakika 17.

Ijumaa, 13 Februari. Tabora, siku ya mapumziko

Daftari likiwa wazi na safari imesimama, inafaa kuijaribu hesabu mbali na Ikweta. D 9,540, deklinesheni −13.26, jua limechelewa dakika 14.17. Namba hizi mbili hazibadiliki kwa kuhama mji; kinachobadilika ni latitudo, longitudo na mstari wa saa.

Muscat, Oman: latitudo +23.59, longitudo 58.41, saa yao imefungwa kwenye 60. Adhuhuri 12:20 na nusu. Cos H sasa ni chanya, 0.0866, H inashuka hadi 85.03. Jua linachomoza saa 12:40 asubuhi na kuzama saa 12:01 jioni. Mchana ni saa 11 na dakika 20, karibu saa moja pungufu ya Tabora, ingawa deklinesheni ni ileile. Alama ya latitudo ndiyo iliyofanya kazi. Ukisahau kwamba kaskazini ni chanya, utaipa Muscat mchana wa kiangazi katikati ya baridi yao.

London: latitudo +51.51, longitudo −0.13 kwa kuwa iko magharibi ya Greenwich, mstari wa saa 0. Mawio saa 1:18 asubuhi, machweo saa 11:11 jioni kidogo kupita, mchana chini ya saa 10. Angalia pia kwamba baadhi ya vitabu vya falaki huhesabu magharibi kuwa chanya. Ukichanganya vitabu viwili, Dar itahamia Brazili.

Tromsø, kaskazini mwa Norway, latitudo 69.65. Weka deklinesheni ya Juni, +23.44. Cos H inatoka −1.21, na kikokotoo kinaandika neno la hitilafu. Hakijaharibika. Cos haiwezi kushuka chini ya −1, na maana yake jua halizami siku hiyo. Desemba inatoka +1.12: halichomozi. Katika lahajedwali weka sharti mapema: chini ya −1 andika "mchana kutwa", juu ya +1 andika "usiku kutwa", la sivyo safu nzima itajaa alama za makosa.

Huku kaskazini ndiko njia za mkato zinakoumbuka. Ile kanuni fupi ya deklinesheni, −23.44 × cos(360 ÷ 365 × (siku ya mwaka + 10)), inakubalika Juni na Desemba, lakini mwanzoni mwa Novemba inakosea kwa takriban robo tatu ya uzi. Dodoma kosa hilo ni chini ya nusu dakika; kwenye latitudo 60 linafika dakika 6 na zaidi.

Jumamosi, 14 Februari. Kigoma (4.88 kusini, 29.63 mashariki)

Huu ndio mwisho wa reli, na ndipo saa ya ukutani inapoachana na jua kuliko mahali popote tulipopita. D 9,541, deklinesheni −12.92, jua limechelewa dakika 14.14. Longitudo: 45 − 29.63 = 15.37, mara 4 ni dakika 61.5. Adhuhuri ni saa 7:16 mchana. Jua linachomoza saa 1:08 asubuhi na kuzama saa 1:24 usiku.

Saa moja asubuhi imegonga na jua bado halijatoka. Mtoto anayeondoka nyumbani saa 12:40 kwenda shule hutembea gizani. Mapambazuko hukokotolewa kwa kanuni ileile, ukiweka −6 badala ya −0.833: yanaanza saa 12:46, dakika 21 kabla ya mawio. Mwanga wa kusoma kibao au kuona shimo la barabara unaanzia hapo. Ratiba iliyopangwa Dar na kutumwa Kigoma bila kupitia hesabu hii inamwonea mtoto huyo.

Usichukue pia njia ya kuongeza dakika 39 kwenye saa za Dar. Leo Dar jua linachomoza saa 12:27 na kuzama saa 12:47. Adhuhuri zimepishana dakika 39 kweli, lakini mawio yamepishana 40 na nusu hivi, na machweo 37, kwa sababu mchana wa Kigoma, iliyo karibu zaidi na Ikweta, ni mfupi kwa dakika 4 mwezi huu. Juni mambo yanageuka: mchana wa Kigoma unakuwa mrefu kuliko wa Dar. Kwa mfungaji wa Ramadhani, adhana ya Magharibi inayosikika redioni kutoka Dar iko dakika 37 mbele ya machweo ya Kigoma kwa tarehe kama ya leo. Kila mji unahitaji ratiba yake.

Watu wa hapa huambiwa kwamba karibu na Ikweta mawio hayabadiliki. Urefu wa mchana wa Kigoma kweli hutofautiana dakika 34 tu mwaka mzima. Lakini ile tofauti ya jua na saa inasogeza siku nzima mbele na nyuma: tarehe 3 Novemba mawio ni saa 12:36, leo ni saa 1:08. Mchana wa siku hizo mbili umepishana chini ya dakika 2, mawio nusu saa.

Machweo ya ziwani nayo yana rekebisho lake. Ng'ambo ni milima ya Kongo. Kwa mfano, mlima unaopanda mita 1,000 juu ya maji, umbali wa kilomita 60: mviringo wa dunia unaficha mita 245 hivi za chini, zinabaki 755. Gawanya kwa 60,000, zidisha kwa 57.3, unapata uzi 0.72. Jua litajificha kama dakika 3 kabla ya saa iliyoandikwa. Anayehakiki kwa macho ufukweni asidhani amekosea hesabu.

Jumapili, 15 Februari. Bujumbura (3.38 kusini, 29.36 mashariki)

Kupitia Manyovu hadi Burundi, longitudo imesogea chini ya theluthi ya uzi, dakika 1 tu ya jua. Saa imerudi nyuma saa nzima. Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo zinatumia mstari wa 30, na Bujumbura iko karibu juu yake: 30 − 29.36 = 0.64, dakika 2.6. Ongeza 14.1 za kuchelewa kwa jua, adhuhuri ni saa 6:17 mchana. Mawio saa 12:10 asubuhi, machweo saa 12:23 jioni, mchana saa 12 na dakika 13. Hapa saa ya Kiswahili na jua vimekutana tena, bora hata kuliko Dar, ingawa vilima vya mashariki mwa mji vinalichelewesha kuonekana.

Katika lahajedwali, usiandike 45 ndani ya kanuni. Ipe seli yake pembeni ya kila mji, pamoja na latitudo na longitudo, kwa sababu ukisahau kuibadilisha hapa majibu yote yatakuwa mbele kwa saa moja kamili. Weka pia kanuni ya kutoa saa 6 mahali pamoja tu, kwenye safu ya mwisho ya kuonyesha. Ikitolewa katikati ya hesabu na tena mwishoni, mawio ya Bujumbura yatasomeka saa 6:10. Na karibu na mpaka usiiamini saa ya simu unapohakiki kwa fimbo: hushika mnara wa upande huu, kisha wa upande ule. Zima mpangilio wa kujirekebisha na uandike daftarini saa hiyo ni ya nchi gani kabla ya kuchora duara.